Kabla Hujaitupa Tochi ya Mzee

Haya, nimerudi. Najua nimepotea wiki kadhaa. Kazi imenibana, na kuna mteja mmoja anayebadilisha mawazo kila Jumatatu asubuhi. Lakini leo sikuja na habari za programu wala za simu mpya. Leo nimekuja na hasira, na hasira yangu ni ya tochi.

Ndiyo, tochi. Usicheke kwanza, keti nikueleze.

Juzi nilikuwa ofisini saa ya chakula, nimeifungua tochi ya zamani ya bati juu ya meza: kofia huku, springi kule, balbu imelala kwenye kitambaa. Akapita jamaa mmoja tunayefanya kazi naye, kijana hodari kwa kweli, akasimama akatazama. Akaniambia, "Wewe unalipwa kuandika programu, halafu unashinda ukirekebisha tochi ya mia tatu? Tupa hiyo kitu ununue mpya, zimejaa mjini."

Tupa, ununue mpya. Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kusema kweli nimelisema mwenyewe mara nyingi pia. Ndiyo sababu naandika. Nataka kuonyesha kwamba kwa tochi nyingi zilizolala kwenye droo za nyumba zetu, kununua mpya ni uamuzi mbaya, na sababu wanazotupa wauzaji ni nusu ukweli na nusu uongo mtupu. Nitaeleza pia ni lini kununua mpya ni sawa, maana sipendi mtu anayebishana kwa kuficha upande wa pili.

Kwanza, tochi yenyewe. Ilikuwa ya marehemu Baba. Aliinunua alipokuwa mlinzi wa usiku katika shamba la mkonge huko kwetu Taita, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Ni ya bati, imepakwa rangi ya fedha ambayo sasa imebanduka, na inakula betri mbili kubwa za saizi D, zile ambazo tulikua tukiziita mawe. Mkikumbuka vizuri, mawe yakiisha tulikuwa tunayaanika juani juu ya paa ili yatoe pumzi ya mwisho. Baba alipoacha kazi tochi ikabaki nyumbani. Alipofariki ikabaki kwa Mama.

Mwaka 2022 mimi mwana mwenye mshahara nikaona aibu. Mama anatembea usiku na tochi inayotoa mwanga wa rangi ya chai, na mtoto wake ni mtu wa teknolojia Nairobi? Nikanunua mpya: ya kuchaji, ya plastiki nyeusi, ina taa ya mbele na taa ya ubavuni, na kwenye boksi wameandika lumeni 10,000. Nikaipeleka kama zawadi. Mama akashukuru, akanipikia kuku. Tochi ya Baba ikawekwa juu ya kabati.

Ile mpya iliishi miezi minane. Tundu la chaja lilianza kulegea, ikawa lazima ushikilie waya kwa pembe fulani ndipo taa nyekundu iwake. Halafu ikawa inachaji usiku kucha na kudumu dakika ishirini. Mama hakuniambia, kwa sababu zawadi hailalamikiwi.

Usiku mmoja mwaka 2023 ng'ombe wake akaanza kuzaa, na ndama akawa amekaa vibaya. Mama akatoka na tochi ya zawadi. Ikawaka kwa nguvu kama taa ya gari, kwa dakika chache, halafu ikazima ghafla bila onyo, giza likaingia zizini. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, akaitumia kunipigia mimi saa nane usiku, kana kwamba ningeweza kufanya lolote nikiwa Nairobi. Jirani alikuja na koroboi baada ya muda. Ndama alikufa.

Siwezi kusema alikufa kwa sababu ya tochi. Daktari wa mifugo mwenyewe hawezi kusema hivyo. Lakini Mama aliniambia neno moja ambalo halijanitoka. Alisema, "Mwanangu, ile ya babako haikuwa inang'aa sana, lakini ilikuwa inaaga kabla ya kwenda."

Inaaga kabla ya kwenda! Mimi ninayelipwa kufikiria mahitaji ya watumiaji sikuwahi kufikiria hilo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Sasa tuingie kwenye mambo ya kiufundi, maana hapa ndipo hasira yangu inapopata miguu.

UONGO WA BOKSI

Chukua hiyo namba ya lumeni 10,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. LED nzuri za leo hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati ya umeme. Kwa hiyo ukitaka lumeni 10,000 unahitaji wati 70 mpaka 100. Haya, ndani ya tochi ile kulikuwa na seli moja ya lithiamu ya saizi inayoitwa 18650, ambayo hutoa volti 3.7. Seli nzuri za saizi hiyo zina uwezo wa miliampea-saa 3500 hivi. Zidisha: 3.7 mara 3.5 ni kama wati-saa 13. Gawanya wati-saa 13 kwa wati 80. Unapata takriban dakika kumi, na katika dakika hizo tochi ingekuwa imekuunguza kiganja, maana sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto.

Kwa hiyo ama boksi linasema uongo, ama tochi ni pasi ya kunyooshea nguo. Ukikuta seli imeandikwa miliampea-saa 9900 katika saizi hiyo, ujue aliyeandika alikuwa na wino, hakuwa na lithiamu. Hesabu hii ni ya darasa la saba. Lakini nani hupiga hesabu dukani? Tunaangalia namba kubwa, tunatoa pesa.

Na si kisa cha mama yangu peke yake. Watafiti wa mradi wa Lumina walifuatilia watumiaji wa tochi za bei nafuu za LED hapa hapa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2010: wengi wa watumiaji walipata matatizo na tochi zao ndani ya miezi sita. Tangu hapo LED zenyewe zimekuwa bora sana. Lakini LED haikuwa ndiyo shida peke yake. Kinachokufa kwanza ni swichi, tundu la chaja, waya uliolehemiwa kwa haraka, na betri iliyofungiwa ndani bila njia ya kuitoa.

TOCHI YA ZAMANI INA NINI

Tochi ya Baba nayo ina kasoro zake, nami sitazificha. Balbu yake ya asili imeandikwa volti 2.5 na ampea 0.3. Hiyo ni wati 0.75. Balbu ndogo ya uzi namna hiyo hutoa kama lumeni 10 kwa wati, pengine pungufu. Kwa hiyo tunazungumzia lumeni saba hivi. Robo tatu ya pesa unazonunulia betri, na zaidi ya hapo, inakwenda kupasha uzi joto.

Tena balbu ya uzi ina tabia mbaya zaidi: volti zikishuka kidogo, mwanga unashuka sana. Kanuni ya mafundi ni kwamba mwanga hufuata volti kwa kipeo cha tatu na nusu hivi. Maana yake, betri zikishuka kutoka volti 2.5 hadi 2.0, yaani umepoteza moja ya tano tu, mwanga umepungua kuliko nusu. Ndiyo ile rangi ya chai.

Lakini tazama kitu kingine. Ile balbu imefungwa kwa skrubu. Kitako chake kinaitwa E10: herufi E ni kwa heshima ya Edison, na 10 ni upana wake kwa milimita. Ni ndugu mdogo wa E27, ile balbu ya skrubu ya nyumbani. Tochi nyingine kubwa, zikiwemo Maglite za zamani za betri za D, hutumia balbu yenye kola, inayojulikana kama P13.5s. Betri nazo ni za saizi D, kipimo ambacho viwanda vyote duniani vinakifuata. Kiwanda cha betri cha Eveready pale Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na bado hadi leo betri ya D unaipata katika duka la kijijini pasipo umeme, imetoka kiwanda kingine, nchi nyingine, na inaingia tochini bila kuuliza swali.

Wenzangu waandishi wa programu wameshaelewa ninakokwenda. Hiki ni kiolesura! Tochi ya bati ni mfumo wenye sehemu nne zinazozungumza kwa viwango vilivyo wazi: betri, swichi, balbu, na bakuli la kuakisi mwanga. Sehemu moja ikipitwa na wakati unaichomoa, unaweka nyingine, zilizobaki wala hazijui. Aliyebuni tochi ile hakujua kwamba siku moja kutakuwa na LED nyeupe. LED ya bluu yenye mwanga mkali ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura huko Japani, wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na LED nyeupe ni ile ya bluu iliyopakwa fosfori ya manjano. Yote hayo yalikuja baadaye, lakini tundu la skrubu linaipokea LED kama mgeni aliyetarajiwa.

Tochi ya kisasa ya zawadi yangu je? Nilipoifungua, tena kwa kisu kwa sababu hakuna hata skrubu moja, nilikuta gundi. LED imelehemiwa, seli imelehemiwa, tundu la chaja limelehemiwa kwenye bamba jembamba. Kitu kimoja kikifa vyote vinazikwa pamoja.

NILICHOFANYA

Nilishuka Luthuli nikazunguka maduka mpaka nikapata balbu mbili za LED zenye kitako cha E10, za aina mbili tofauti, zote zimeandikwa volti 3. Moja shilingi 150, nyingine 200. Hapa kuna jambo lazima mlielewe, maana wengi hupotelea hapa. LED nyeupe huhitaji kama volti 3 hadi 3.4 ili iwake vizuri. Betri mbili mpya za kawaida zinatoa volti 3 kwa jumla, na zinashuka kadiri unavyozitumia. Kwa hiyo LED tupu kwenye tochi ya betri mbili itawaka kidogo siku ya kwanza, halafu itakata tamaa huku betri bado zina nguvu. Balbu inayofaa ni ile yenye saketi ndogo ndani ya kitako, inayopandisha volti. Saketi hiyo hunyonya betri mpaka karibu na tone la mwisho.

Nikapima kwa mita. Balbu ya zamani ilikuwa inavuta miliampea 290. Balbu ya LED niliyoichagua ilivuta kama 180 betri zikiwa mpya. Kwa makadirio yangu inatoa lumeni 40 hivi. Kwa hiyo umeme umepungua kwa zaidi ya theluthi, na mwanga umeongezeka mara tano au zaidi. Betri za kaboni za D, hata zile za bei ya chini, zikitumika kidogo kidogo zinampa Mama kama saa ishirini za mwanga unaofaa.

Lakini kumbukeni neno la Mama: inaaga kabla ya kwenda. Ndiyo sababu nilinunua balbu mbili. Nikachukua betri kuukuu, karibu zimekufa, nikaziwekea kila balbu kwa zamu nikaacha ikiwaka mezani huku nafanya kazi. Ile ya shilingi 200 ilishikilia mwanga uleule bila kubadilika, halafu ikazima ghafla kama mtu aliyekata simu. Ile ya shilingi 150 ilififia pole pole kwa masaa kadhaa, ikawa dhaifu, lakini bado ungeona njia ya kwenda chooni.

Kwenye vitabu, ile ya 200 ndiyo bora. Mwanga haupungui, mhandisi anafurahi. Kwa mwanamke aliye peke yake zizini usiku wa manane, ile ya 150 ndiyo bora. Nikamwekea hiyo. Ile nyingine ninayo mimi hapa Nairobi, ambako giza langu kubwa ni la stima kupotea na jirani yuko mlango wa pili.

Gharama yote: balbu shilingi 150, betri mbili mpya, na kipande cha msasa cha kusugulia kutu kwenye springi. Muda: nusu saa. Mama ameitumia tangu mwisho wa 2023, na kitu pekee kilichobadilishwa ni betri. Anazinunua mwenyewe dukani pale chini, bila kunipigia mimi simu wala kungoja chaja.

"LAKINI MPYA NI RAHISI"

Najua mtakachosema, basi tujibizane.

Mtasema mpya ni rahisi. Rahisi huwa ghali. Tochi ya shilingi 500 inayokufa kila baada ya miezi minane ni shilingi 750 kwa mwaka, na kila mwaka unabaki na mzoga wa plastiki wenye seli ya lithiamu ndani. Mzoga huo unautupa wapi? Kijijini unatupwa shimoni na kuchomwa moto pamoja na maganda ya ndizi. Seli ya lithiamu kwenye moto si mchezo. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikiisha maisha. Vizuri sana. Sasa nionyesheni mtengenezaji wa tochi isiyo na jina wala anwani kwenye boksi.

Mtasema betri za D nazo ni taka, tena ni ghali. Kweli, hilo nakubali. Betri za kaboni zina ganda la zinki ambalo ndilo linaliwa betri inapofanya kazi, ndiyo maana zikisahaulika ndani zinavuja na kula tochi. Lakini kwa kuwa saizi ni ya kawaida, una njia ya kutoka: unaweza kuweka betri za kuchaji za volti 1.2 kwenye tochi ile ile, hata zile ndogo za AA ndani ya ganda la plastiki la saizi D, na balbu yenye saketi ya kupandisha volti haitasumbuka na volti 2.4. Siku zikifa unabadilisha betri, tochi inabaki.

Mtasema mpya ina mwanga mkali zaidi. Kweli tena, na hapa lazima niwe mwaminifu. Balbu ya LED ndani ya tochi ya zamani haiwezi kushindana na tochi nzuri iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni joto: LED kali lazima ipoozwe kupitia chuma, na ndani ya tochi ya zamani imezungukwa na hewa na bakuli jembamba, kwa hiyo ukiweka ya wati tatu itajipika yenyewe. Ya pili ni umbo la mwanga: lile bakuli lilichongwa kwa ajili ya uzi unaomwaga mwanga pande zote, wakati LED humwaga mbele tu. Bakuli linapata mwanga kidogo wa kukusanya, na matokeo ni mwanga mpana unaofaa karibu lakini hauendi mbali. Kama kazi yako ni kumulika ua wote mpaka kwenye mnazi wa mwisho, balbu ya shilingi 150 haitakufaa.

Kwa hiyo nunua mpya kama bati limeoza mpaka betri hazishiki, kama balbu yako ya zamani ilikuwa ya kulehemiwa, kama unahitaji mwanga wa mbali au tochi ya kuzama majini, au kama balbu ya LED ya kufaa tochi yako inauzwa kwa bei ya tochi nzima nzuri. Sigombi na hayo. Ila ukinunua, nunua inayofunguka. Uliza swali moja tu dukani: "Betri ikifa, naitoaje?" Muuzaji akicheka, rudisha pesa mfukoni. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za betri mwaka 2023 ambazo, kuanzia Februari 2027, zinataka betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Wao wameona haja ya kuweka sheria kwa jambo ambalo tochi ya Baba ilikuwa nalo bila kuambiwa.

KWA WAANDISHI WA PROGRAMU

Yule jamaa wa ofisini, baada ya kunicheka, alirudi kwenye meza yake kuendelea na pendekezo la kuandika upya mfumo wetu wote kuanzia sifuri, kwa sababu "code ni ya zamani". Mnaona ugonjwa ni ule ule?

Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala maarufu akiwakemea Netscape kwa kuandika upya programu yao ya kivinjari kuanzia mwanzo. Toleo la 4 lilitoka 1997, la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka mwishoni mwa 2000, na katika miaka hiyo Internet Explorer ilikuwa imeshachukua nyumba na mlango. Hoja yake ilikuwa kwamba mistari ile ya zamani inayoonekana michafu imebeba masahihisho ya makosa ambayo watu halisi waliyakuta. Ukiitupa, umetupa elimu hiyo.

Tochi ya Baba ilibeba elimu ya namna hiyo: mwanga unaoaga. Hakuna aliyeiandika kwenye boksi. Ilikuwa imejificha ndani ya udhaifu wa balbu ya uzi, na mtumiaji alikuwa ameizoea mpaka ikawa sehemu ya usalama wake. Mimi nikaja na mfumo mpya wenye lumeni elfu kumi za uongo nikaifuta bila kujua ipo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wahenga hawakuwa na kompyuta lakini walishawahi kuhamisha mfumo.

HATUA ZA KUFUATA

Haya, fungueni droo. Kama kuna tochi ya zamani, fanyeni hivi:

1. Toa betri. Kama zimevuja, sugua kutu kwa msasa au kitambaa chenye siki kidogo, acha ikauke kabisa. Usiguse uchafu huo kwa mikono mitupu.

2. Toa balbu, isome. Kwenye kitako wameandika volti na ampea, au namba kama PR2. Angalia kama ni ya skrubu au ya kola, na uende nayo dukani.

3. Hesabu betri. Mbili ni volti 3, tatu ni 4.5. Nunua balbu ya LED ya volti hizo. Ukiweka ya volti kubwa mno haitawaka, ukiweka ya volti ndogo mno utaiunguza.

4. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, tofauti na balbu ya uzi isiyojali. Hakikisha chuchu za betri zinatazama balbu, isipokuwa tochi yenyewe imechorwa vinginevyo. Isipowaka, angalia hilo kwanza kabla ya kumlaani muuzaji.

5. Ijaribu na betri kuukuu kabla hujamkabidhi mtu. Tazama inavyokufa. Halafu jiulize nani ataishika, na wapi, na saa ngapi.

Hiyo ya tano ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo sikuifanya mwaka 2022.

Wiki iliyopita nilimpigia Mama nikamuuliza tochi inaendeleaje. Akasema ng'ombe anatarajiwa kuzaa mwezi ujao, na kwamba juzi aliona mwanga umeanza kufifia, basi akaenda dukani kununua mawe mapya mapema. Nikamwambia vizuri. Akaniuliza kama nataka ile nyeusi ya plastiki nije niichukue, maana iko juu ya kabati inakula nafasi.

Nitaichukua. Ndiyo itakayokaa juu ya meza yangu ofisini kuanzia Jumatatu, mbele ya yule jamaa, na boksi lake lenye lumeni elfu kumi.

Tuonane tena, stima ikiwepo.